Corolla ya viatu virefu yapanda milima ya majani chai

Hebu nikuulize, mpendwa msomaji: ukisikia mtu akisema amenunua "gari jipya", wewe huwaza nini? Kama ungekuwa mkazi wa Tokyo au London, bila shaka ungewaza gari lililotoka kiwandani juzi, viti vyake vikiwa bado vimefunikwa kwa plastiki. Lakini kwetu Kenya mambo ni tofauti. Gari jipya ni lile lililoshuka melini Mombasa mwezi uliopita, hata kama Mjapani fulani alikwisha kulitumia miaka minne kuwapeleka watoto wake shuleni. Kanuni zetu zinaruhusu gari lisilozidi umri wa miaka minane, na ndani ya miaka hiyo minane ndimo tunamopatia upya wetu.

Kwa hivyo usinicheke nikikuambia kwamba majuzi nimeendesha gari jipya kutoka Nairobi hadi kwetu Kericho. Gari lenyewe ni Toyota Corolla Cross ya mwishoni mwa 2021, ile ya haibridi, yaani inayotumia injini ya petroli na mota ya stima zikisaidiana. Ulimwengu uliliona kwa mara ya kwanza nchini Thailand Julai 2020. Wajapani wakaanza kuuziwa Septemba 2021, na mwaka huo huo kiwanda cha Toyota cha Durban, Afrika Kusini, nacho kikaanza kulitengeneza. Leo hii ukipita kwenye yadi za magari jijini Nairobi huwezi kukosa kuliona, likiwa limeoshwa na kupakwa mafuta magurudumuni mithili ya bwana harusi.

Mimi si fundi wala si mpenzi mkubwa wa magari. Kwangu gari ni kama sufuria. Ukiniuliza sifa yake nitakuambia kama linapika au halipiki. Lakini safari hii nililitazama gari kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama chochote chenye magurudumu, na sababu yake ni mama yangu.

Mama ana umri wa miaka sabini na mmoja na figo zake zimechoka. Kila Jumanne na kila Ijumaa ni lazima afike hospitalini mjini Kericho akasafishwe damu kwa mashine, saa nne kila mara. Nyumbani kwetu ni upande wa Kabianga, kilomita 24 kutoka mjini, na kilomita tatu za kwanza ni udongo mwekundu ulionyweshewa na mvua tangu enzi za babu zetu. Wewe uliyewahi kufika Kericho unajua ninachosema. Asubuhi jua linawaka, majani chai yanametameta hadi upeo wa macho, na mgeni husema hapa ni peponi. Ikifika saa nane mchana wingu linashuka, na ile njia uliyoipita asubuhi kwa viatu vya kanisani inakuwa uji.

Kwa muda mrefu mama alikuwa akishuka mlima kwa bodaboda hadi kwenye lami, kisha anapanda Probox. Msomaji, unaijua Probox. Ni gari lililotengenezwa kubeba watu watano, nasi tumelifundisha kubeba tisa, na wa kumi akiwa dereva aliyeketi nusu kiti. Mwezi Aprili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, bodaboda zikagoma kupanda, na mama akakosa siku moja ya mashine. Siku moja tu. Kufikia jioni ya siku iliyofuata miguu ilikuwa imevimba na pumzi zilikuwa fupi. Ndipo sisi watoto wake wanne tulipoitana na kuamua kwamba liwalo na liwe, gari litanunuliwa.

Kuamua kununua ni rahisi. Kuamua gari gani ndiko kulikotaka kuvunja ukoo. Kitinda mimba wetu, ambaye ndiye anayekaa nyumbani na kutunza shamba la chai, alitaka pikapu kuukuu ya kuvuta magurudumu yote manne. Dada yangu, ambaye ni mwalimu huko Bomet, alisema tununue Probox yetu wenyewe, pesa zitakazobaki zilipie dawa. Kaka yetu mkubwa, anayefanya kazi ya bima Nairobi, yeye alikwisha kuiona Corolla Cross kwa jirani yake na moyo ukawa umekwisha kwenda. Kwa kuwa nusu ya fedha zilitoka kwake, na nusu nyingine ni mikopo ya Sacco yetu sisi watatu, unaweza kukisia ni gari gani lililonunuliwa. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga.

Bonasi ya chai haikuingia katika hesabu hiyo. Mwaka 2025 wakulima wadogo wa upande wetu huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilipwa bonasi ndogo mno wakijilinganisha na wenzao wa mashariki, na fedha za mama zilikwisha kabla hazijafika mkononi.

Gari likafika. Lakini badala ya kuja Kericho, likabaki Nairobi. Kaka alisema analizoea kwa wiki mbili ili ajue kasoro zake. Wiki mbili zikawa tano. Kila nikipiga simu, gari linazoewa. Hapo ndipo nilipomwambia, "Kaka, Jumamosi hii tunakwenda nyumbani, na usukani nitaushika mimi."

Sasa tuingie garini, msomaji.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba hulisikii. Unabonyeza kitufe, taa zinawaka kwenye dashibodi, na kimya. Unadhani betri imekufa. Unaweka gia, unaachilia breki, nalo linaanza kutambaa kama paka. Mwendo wa polepole linaendeshwa na stima peke yake. Injini ya petroli huamka tu ukitaka nguvu zaidi au betri ikishuka. Na betri hiyo huchomeki ukutani. Ukiondoa mguu kwenye mafuta au ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kuurudisha mwendo wako ndani ya betri badala ya kuupoteza kama joto kwenye breki. Katika msongamano wa magari wa Nairobi, pale unapokwenda hatua tatu na kusimama, hesabu hiyo ni tamu kweli. Nilianza kuelewa kwa nini wiki mbili zilizaa tano.

Jambo la pili ni kwamba linaongea Kijapani. Kuna mwanamke humo ndani, mpole, mwenye adabu, anayekusalimu ukiwasha na kukuonya ukikosea, lakini kila asemacho ni Kijapani. Kaka anadai amekwisha kujua maneno mawili. Redio nayo ina lake. Japani masafa ya FM huanzia 76 na kuishia karibu 95, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hivyo hadi fundi alifungie kifaa cha kubadilisha masafa, mama hatasikia vipindi vyake vya Kikalenjin. Haya ni mambo madogo, lakini mzee wa miaka sabini huishi kwa mambo madogo.

Tulipitia Mai Mahiu na Narok, si Nakuru, kwa sababu tulitaka kumchukua dada Bomet. Barabarani gari linatulia vizuri. Halina ule wayowayo wa magari marefu yanayotaka kulala ubavu kwenye kona. Sababu ni kwamba chini ya hiyo sura ya ubabe, hili ni Corolla, jina ambalo Toyota imelitumia tangu 1966 na ambalo sisi Wakenya tumelipa majina ya utani kizazi baada ya kizazi, kutoka DX hadi 110 hadi NZE. Ni Corolla iliyovaa viatu virefu. Hata Probox yetu tunayoidharau, iliyotoka mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, ni binamu yake wa shambani.

Ukitaka kujua uzao huu wa magari ya kati na kati ulianzia wapi, rudi nyuma hadi 1994, Toyota ilipotoa RAV4 ya kwanza. Kabla ya hapo, mara nyingi mtu aliyetaka gari la kimo ilimpasa anunue gari la kazi lililojengwa kama lori: mwili ukiwa umewekwa juu ya fremu ya chuma, zito, lenye kiu ya mafuta na lenye kumrusha abiria hadi kichwa kigonge paa. RAV4 ikaja na mwili na fremu vikiwa kitu kimoja, kama gari dogo la kawaida. Honda ikafuata na CR-V mwaka 1995, na Subaru na Forester mwaka 1997. Leo kila kampuni ina lake, na barabara zetu zimejaa magari yenye sura ya porini ambayo hayajawahi kukanyaga tope.

Na hapo ndipo penye neno. Nilikuwa nimesoma vipimo kabla ya safari. Tumbo la Corolla Cross hii ya Kijapani liko milimita 160 kutoka ardhini. Chukua rula ya mtoto wa shule uone: ni sentimita kumi na sita tu. Jiwe la kuinjikia sufuria linaweza kuzidi hapo. Isitoshe, la kwetu linavuta kwa magurudumu ya mbele pekee. Iko aina nyingine yenye mota ndogo ya stima nyuma kusaidia magurudumu ya nyuma, lakini nguvu zake ni kama farasi saba hivi, za kukusukuma utoke kwenye theluji ya Hokkaido. Mimi sijui kama Hokkaido wana mlima wa kwetu.

Kimo cha nchi nacho nilikifikiria. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hivyo injini hii ya lita 1.8, yenye nguvu za farasi 98 katika haibridi, ikifika kwetu inakuwa kama mtu aliyetoka pwani akaambiwa akimbie na vijana wetu. Lakini mota ya stima haivuti hewa. Nguvu zake, farasi 72, ni zile zile Mombasa na Kericho. Hilo nililihisi baada ya Kaplong, ukishapinda kulia na barabara ikaanza kupanda kuelekea Kapkatet na Litein: gari halikulalamika. Injini ilinguruma kidogo kama ng'ombe anayesukumwa, lakini mwendo haukushuka, na lori la majani tulilipita bila ya mimi kushika pumzi.

Kaka alikuwa ameketi kando yangu akitazama mizani ya mafuta. Wajapani katika vipimo vyao rasmi hupata hadi kilomita 26.2 kwa lita. Sisi, watu watatu baada ya Bomet, na gunia la viazi, na milima yote ile, tulifika Kericho mizani ikisoma 20. Kaka alinigeukia na tabasamu la mtu aliyeshinda kesi. Mimi nikamwambia angoje, bado hatujafika nyumbani.

Tuliiacha lami saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha na kukatika, na bila shaka ilikuwa ya mawe, kwani punje nyeupe zilikuwa zimelala bado kwenye vivuli vya michai. Vilima vya Kericho na Nandi vinahesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Wakulima huhesabu hasara ya majani. Mwenye gari jipya lisilo na banda huhesabu vishimo kwenye boneti, kwa hivyo kama unafikiria kulileta hili gari pande hizi, jenga banda kwanza.

Kilomita ya kwanza tulikwenda vizuri. Nilipanda juu ya matuta ya kati nikiyakwepa mapito yaliyochimbwa na malori ya chai, ili tumbo lisiguse. Daraja dogo tukavuka. Kisha mlima. Msomaji, ni mlima mfupi, hauzidi mita mia mbili, lakini ndio uliozishinda bodaboda mwezi Aprili. Nikakanyaga mafuta kwa upole. Tulifika katikati. Magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bila kushika, taa ya manjano ikamemeta kwenye dashibodi, yule mwanamke akasema jambo refu kwa Kijapani, na gari likasimama. Nikajaribu tena. Likateleza nyuma na kuelekea kwenye mtaro.

Hakuna aliyesema neno. Dada alikuwa nyuma ameshika kichwa. Najua sote wanne, pamoja na yule wa nyumbani ambaye hakuwapo, tulikuwa tunawaza jambo moja: mikopo yote hii, na mlima ndio ule ule.

Akatokea mzee mmoja kutoka kituo cha kununulia majani, amevaa koti la mvua na gambuti. Tulimjua. Aliendesha lori la majani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Tukamsalimu kwa heshima, naye akatuitikia bila haraka, akalizunguka gari, akainama kuchungulia chini.

"Hili linavuta mbele?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi binti, kwa nini unalipandisha kwa uso? Shuka hadi chini, geuza, upande kinyumenyume."

Kaka alicheka. Mzee hakucheka. Akatueleza akichora kwa fimbo yake kwenye tope. Gari likiwa linapanda, uzito wake unaelemea nyuma, na yale magurudumu ya mbele yanayovuta yanakuwa mepesi, hayana cha kuyakandamiza ardhini. Ukiligeuza, yale yanayovuta yanakuwa ndiyo yako chini ya mlima, na uzito wote unayashukia. "Hata mbuzi," akasema, "nguvu yake iko miguu ya chini."

Nilishuka hadi darajani, nikageuza (jambo lililokuwa rahisi, kwani gari hili huzunguka katika nafasi ndogo), nikaweka gia ya kurudi nyuma. Kamera ya nyuma ilinionyesha njia kwenye kioo cha dashibodi. Nikapanda mlima wa kwetu kinyumenyume, polepole, huku mota ya stima ikivuma kama nyuki, bila kurusha tope. Magurudumu yalishika. Tulipofika juu watoto wa majirani walikuwa wanatukimbilia wakishangilia, na mzee alikuwa amekwisha kuondoka zake kituoni kama mtu asiyefanya lolote.

Nilipokuwa nikivuta pumzi pale juu nilimkumbuka Mkericho mwingine. Joginder Singh, yule aliyeitwa Kalasinga Arukaye, alizaliwa hapa Kericho mwaka 1932. Mwaka 1965 alishinda mashindano ya magari ya Safari pamoja na ndugu yake Jaswant, na gari waliloendesha, Volvo PV544, lilikuwa mtumba. Lilikwisha kushindanishwa mwaka uliotangulia na wengine. Baadaye alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Pengine kuna kitu katika udongo huu kinachowafundisha watu namna ya kulishawishi gari la mkono wa pili.

Ila sitakudanganya. Kupanda mlima kinyumenyume si jambo la kufanya kila Jumanne alfajiri ukungu ukiwa umetanda. Tairi zilizokuja na gari ni za lami, laini usoni, na jambo la kwanza la kununua ni jozi ya tairi zenye meno. Pia, kama yalivyo magari mengi ya siku hizi, halikuja na gurudumu la akiba. Chini ya buti utakuta chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo ni ya msumari wa mjini. Jiwe la Kericho likipasua tairi ubavuni, gundi utawapa watoto wabandikie madaftari.

Na kabla sijasahau: betri kubwa imelala chini ya kiti cha nyuma, na hupoozwa na hewa inayovutwa kupitia tundu lililo hapo kitini. Ukiweka gunia au koti ukaliziba, au vumbi la kiangazi likajaa kwenye kichujio chake, betri itapata joto na maisha yake yatafupika. Kitinda mimba ameagizwa akisafishe kila mwezi. Nyaya za rangi ya machungwa ndani ya boneti nazo ameagizwa asizishike wala asimruhusu fundi wa kubahatisha azishike, kwa maana stima iliyomo inaweza kuua.

Sasa tufike nyumbani. Mama alikuwa mlangoni na shuka begani. Hakuuliza bei, hakuuliza linakula mafuta kiasi gani. Alilizunguka mara moja, akapapasa mlango. Kuku walikuwa wamelala chini yake tayari, maana hawakulisikia lilipoingia uani, na hilo ni jambo la kuangalia kwa wenye watoto wadogo. Kisha akasema, "Fungua niketi."

Nikafungua mlango wa mbele. Hapa, msomaji, naomba utulie nami kidogo. Probox kiti chake kiko chini. Mama hujiangusha ndani, na kutoka ni lazima avutwe mikono na watu wawili. Miguu ya mtu aliyetoka kwenye mashine ya figo haina nguvu. Gari kubwa la rafiki ya kaka, tuliloliazima mwaka jana, lilikuwa juu mno, na tulimpandisha kwa kigoda cha kukamulia ng'ombe. Katika hili, kiti kipo sawasawa na nyonga zake. Aliligeuzia gari mgongo, akaketi kando kama anavyoketi kitandani, akainua mguu mmoja, kisha wa pili, akafunga mlango mwenyewe.

Akafungua mlango tena, akashuka. Akapanda tena. Mara tatu. Hakuna aliyemshika mkono.

Katika kurasa zote nilizosoma kuhusu gari hili, za nguvu na za lita na za teknolojia, hakuna aliyeandika juu ya hilo.

Usiku ule tulikaa kikao, chai ikiwa mezani na mursik kwenye sotet ya mama. Kaka alianza na hoja zake, na si hoja za kubeza. Haibridi, alisema, hulipa zaidi mjini kwenye msongamano. Yeye anakwenda kilomita nyingi kila wiki, faida ya mafuta itakuwa kubwa, na kwa faida hiyo tunaweza kumlipia mama teksi ya maana. Tope litaliharibu gari la thamani hii. Pikapu kuukuu ingetosha.

Dada alitoa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia. Kilomita 24 kwenda na 24 kurudi, mara mbili kwa wiki, ni 96. Kwa mwaka, karibu kilomita 5,000. Kwa kilomita 20 kwa lita, ni lita 250. Pikapu ya kitinda mimba, kwa kilomita nane kwa lita, ni lita 625. "Tofauti ni lita 375," akasema, "na bado pikapu hiyo hatujainunua." Kitinda mimba hakutetea pikapu yake. Alisema tu kwamba amemwona mama akishuka mwenyewe, na kwamba ile sehemu ya mlimani anaweza kuitia changarawe na vijana wa hapo, akipewa lori mbili.

Mama alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akasema, "Mwanangu, gari ni lenu, likae mnapotaka. Mimi siku zangu ni Jumanne na Ijumaa."

Kaka alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza lori moja la changarawe ni pesa ngapi.

Jumapili alasiri, mimi na yeye tulirudi Nairobi kwa matatu, kupitia Londiani na Nakuru, magoti yetu yakigusa kiti cha mbele. Alilala karibu njia nzima. Jumanne saa nne asubuhi nilipata ujumbe kutoka kwa kitinda mimba: wamefika, mama yuko kwenye mashine, walipanda na kushuka bila tabu kwa sababu hakukunyesha usiku. Kisha akauliza kama kuna namna ya kumnyamazisha yule mwanamke, kwa kuwa mama ameanza kumjibu kwa Kikalenjin na wala haonyeshi dalili ya kuchoka.